Juma la Kwanza Chuoni Kigari

Katika maisha ya mtu yako majuma machache ambayo huyakumbuka siku kwa siku, kama mkulima akumbukavyo mwaka wa njaa au mwaka wa mavuno makubwa. Mengine hupita yakachanganyika, hata mtu asiweze kusema lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Kwangu mimi juma moja lisilochanganyika na mengine ni lile la kwanza nililokaa katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, katika nchi ya Embu, mwaka 2009. Tangu wakati huo nimefundisha katika shule tatu za msingi, na mengi niliyoyasoma chuoni yamefifia; lakini mambo ya siku zile za kwanza hunijia kila nishikapo chaki. Naona vyema kuyaandika kwa ajili ya vijana walio katika shule za sekondari, ambao baada ya muda si mrefu wataingia vyuo vya namna mbalimbali, wengine kwa hiari yao, na wengine kwa kukosa kile walichokitamani.

Kigari iko juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali penye migomba, mikahawa na baridi ya asubuhi. Wamisionari wa Kanisa la Kianglikana walijenga kituo chao hapo mwaka 1910, na elimu ya sehemu hizo ina mizizi yake katika vituo vya namna hiyo. Kwetu ni karibu na Nkubu, upande wa Meru. Kutoka Nkubu hadi Embu ni safari ya zaidi ya kilomita 100, nayo hupita Igoji, Chogoria, Chuka na Runyenjes. Barabara hiyo huivuka mito mingi iteremkayo kutoka mlimani, na kila mto umejichimbia bonde lake. Matatu hushuka hadi Nithi, ikapanda. Ikashuka hadi Thuci, ikapanda tena. Ukivuka Thuci umeiacha nchi ya Wameru na kuingia ya Waembu. Nilikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba, ndoo, jembe, fyekeo na sanduku la bati, kama ilivyoagizwa katika barua ya chuo. Abiria wenzangu waliuona mzigo ule wakajua niendako. Mzee mmoja akaniita "mwalimu" kabla sijakanyaga lango la chuo.

Hapana budi nieleze jinsi kazi hii ilivyotazamwa na vijana wa wakati ule. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari, alama ya C+ ndiyo iliyohesabiwa kuwa kiingilio cha chuo kikuu. Lakini nafasi zilizolipiwa na Serikali zilikuwa chache, na vijana wengi waliopata alama hiyo walibaki nje. Wenye wazazi matajiri walijilipia. Wengine wakatafuta njia nyingine. Kozi ya cheti cha ualimu wa shule za msingi, kilichoitwa P1, ilikuwa ya miaka 2 tu, na karo yake ilikuwa nafuu. Kwa sababu hiyo, wengi wa wanachuo wapya hawakuwa wamekuja kwa mapenzi. Walikuwa kama watu walionyeshewa na mvua njiani wakaingia chini ya paa la kwanza waliloliona, na sikio lao li nje, kusikiliza kama mvua imekatika.

Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa kitanda cha juu. Alitoka Tharaka, chini kabisa kuelekea Mto Tana, nchi ya joto, ya mawele, mtama na mbuzi. Usiku wa kwanza, taa zilipokwisha kuzimwa, alinieleza hesabu yake bila kuficha. Babake alikuwa ameuza mbuzi kadhaa ili kulipa nusu ya karo. Nusu ya pili ingelipwa kwa mbuzi watatu waliobaki zizini, nao wangepelekwa sokoni Jumamosi.

"Nimeomba nipewe juma moja," akasema. "Nikiona mahali hapa hapana maana, nitampigia baba simu Jumamosi asubuhi, na mbuzi wale watapona. Nitakwenda Maua nijaribu biashara."

Nilimwuliza ni jambo gani lingemfanya aone maana. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sijui. Mtu akiwa amelala njaa, hujua chakula akionapo."

Jumatatu ilipita katika kuandikishwa, kugawanywa madarasa na kusomewa kanuni. Tulipewa ratiba, nayo ikaleta manung'uniko. Katika mwaka wa kwanza kila mwanachuo alilazimika kusoma masomo yote: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Elimu ya Jamii, dini, muziki, sanaa, michezo ya viungo, na somo la elimu yenyewe, yaani namna mtoto ajifunzavyo na namna afundishwavyo. Aliyeikimbia hisabati kidato cha nne alikutana nayo tena mlangoni. Mwenzangu aliitazama ratiba ile akacheka bila furaha. "Tumerudishwa darasa la kwanza," akasema. Maneno yake yalikuwa kweli kuliko alivyodhani.

Jumanne tulifundishwa kuandika. Naam, watu wazima wenye ndevu na watu wazima wenye watoto wao nyumbani walisimamishwa mbele ya ubao, mmoja baada ya mwingine, waandike sentensi moja tu. Mkufunzi wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakukaa mbele. Alikwenda akaketi kwenye benchi la nyuma kabisa, mahali ambapo watoto wafupi na watoto wenye haya hupenda kujificha. Kutoka huko aliuliza, "Mwalimu, unamwandikia nani?" Wakufunzi wote walituita "mwalimu" tangu siku ya kwanza, nasi tulidhani ni mzaha.

Mistari ya wengi ilipanda kama njia ya mlimani. Herufi zilianza kubwa zikaisha ndogo kama chungu. Tena karibu kila mmoja alisimama mbele ya maneno yake mwenyewe, akayaziba kwa mgongo wake. Mama yule hakumcheka mtu. Alitubadilisha tu: aliyeandika alipelekwa nyuma asome alichokiandika, na aliyekuwa nyuma akaitwa mbele. Baada ya saa nzima tulikuwa tumejua kusimama ubavu, kuandika kwa mstari ulionyoka, na kuifanya kila herufi iwe kubwa kiasi cha kumfikia aliye mbali. Hatukuwa tumeongezewa neno hata moja katika elimu yetu. Tulikuwa tumeongezewa mtu mmoja, naye ni yule mtoto wa benchi la nyuma.

Jumatano ndiyo siku ninayoisimulia mara nyingi kuliko zote. Mama yule yule alikuja na kikapu, akakiweka mezani pasipo kukifunua. Aliandika ubaoni 52 kutoa 27, akamwita kijana mmoja aliyesifika kwa hisabati, amwambie kila mtu jinsi ya kupata jibu, kana kwamba sisi ni watoto wa darasa la tatu. Kijana yule alifanya kama tulivyofundishwa sote:

"Mbili kutoa saba haiwezekani. Kwa hiyo tunakopa kumi kwa jirani. Kumi na mbili kutoa saba ni tano. Huku imebaki nne. Nne kutoa mbili ni mbili. Jibu ni 25."

Tulimpigia makofi. Mkufunzi akatikisa kichwa kukubali, akauliza, "Mwalimu, umekopa kumi kwa jirani. Utamlipa lini?"

Darasa likaangua kicheko. Lakini yeye hakucheka. Alingoja, hata kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akaendelea, "Tena naona jirani alikuwa na tano. Umemkopa kumi, na bado amebaki na nne. Nani awezaye kunieleza jambo hili? Maana mtoto ataniuliza."

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa watu 40 na zaidi, tuliokuwa tumefanya hesabu za namna hiyo tangu utotoni na kuzipata. Wengi tuliweza kuzifanya usingizini. Jibu tulilijua, na njia tuliijua, lakini sababu ya njia ile hatukuwa nayo. Ndipo alipofunua kikapu. Ndani mlikuwa na vijiti vikavu, vitita vitano vya vijiti kumi kumi vilivyofungwa kwa kamba za mgomba, na vijiti viwili pekee. Alivipanga mbele ya yule kijana.

"Hii ndiyo 52. Sasa nipe vijiti saba."

Kijana aliviona vijiti viwili pekee, akavitazama vitita. Akachukua kitita kimoja, akafungua kamba, vijiti vikamwagika mezani pamoja na vile viwili, vikawa 12. Akahesabu saba, akampa. Akachukua vitita viwili kati ya vinne vilivyobaki, akampa pia. Mezani vikabaki vitita viwili na vijiti vitano.

"Umemkopa nani?"

"Sijamkopa mtu," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa. "Nimefungua kitita."

Msomaji wangu, jambo lenyewe ni dogo. Tano ile ilikuwa vitita vitano, wala si tano ya vijiti. Ukifungua kitita kimoja hubaki vinne, na hapana deni wala jirani. Lakini fikiri ni watoto wangapi walioambiwa wakope, wakajiuliza watalipa lini, wakaona haya kuuliza, kisha wakajihesabu wajinga tangu siku ile. Katika hisabati mtoto hapotei mahali pagumu peke yake. Aghalabu hupotea mahali ambapo mkubwa huona ni rahisi mno, hata hapasemi. Nilitazama juu, nikamwona mwenzangu wa Tharaka ameshika kijiti kimoja, anakigeuzageuza vidoleni. Hakusema lolote.

Alhamisi tuliingia katika kazi ya maandalio ya somo. Kila mwalimu hujua karatasi ile: tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi, shabaha ya somo, vifaa, na dakika 30 zilizokatwakatwa kuwa hatua. Shabaha huanza kwa maneno yasiyobadilika: "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze..." Mkufunzi wa somo la elimu alitukataza kumalizia kwa neno "kujua" au "kuelewa". Alisema, "Kujua kumo ndani ya kichwa, nami siwezi kukifunua kichwa cha mtoto. Andika jambo nitakaloliona kwa macho: aweze kuhesabu, aweze kusoma kwa sauti, aweze kutaja." Kisha alipitia safu mbili, ya shughuli za mwalimu na ya shughuli za mwanafunzi. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika mengi katika safu ya mwalimu, na katika safu ya mwanafunzi limeandika neno moja: kusikiliza. "Mtoto wa miaka sita atasikiliza kwa dakika 30?" akauliza. "Ninyi wenyewe hamjaweza asubuhi hii."

Ijumaa tulipelekwa katika shule ya msingi iliyo jirani, tukatazame tu, bila kufundisha. Tuligawanywa watu wanne wanne, na mimi na mwenzangu tukaangukia darasa la kwanza. Watoto walikuwa zaidi ya 60. Hili halikuwa ajabu katika miaka ile. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi za umma mwezi wa Januari 2003, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka ule mmoja. Milango ilifunguliwa kwa siku moja, lakini madarasa hayajengwi kwa siku moja, wala walimu hawapatikani kwa siku moja.

Tuliketi nyuma, magoti yakigusa kidevu kwa ufupi wa benchi. Watoto walikuwa wakihesabu vijiti kumi kila mmoja, na kwa kuwa walikuwa wadogo walihesabu kwa lugha ya mama, Kiembu. Sisi tulizungumza lugha za Wameru. Mengi katika Kiembu tuliyasikia nusu nusu, lakini katika hesabu hatukupotea. Saba ni mugwanja kwa Waembu na kwa Wameru; tisa ni kenda kwa wote, nayo kenda ni tisa hata katika Kiswahili cha zamani; kumi ni ikumi. Nilifurahi kusikia kwamba lugha zetu zilikuwa zimevivuka vile vijito vyote kabla ya matatu.

Mbele ya mwenzangu aliketi msichana mdogo ambaye kila alipohesabu vijiti vyake kumi alipata kumi na kimoja. Mwalimu wa darasa, mwenye watoto 60 wa kuwaangalia, alimwambia arudie. Akarudia, akapata kumi na kimoja. Mara ya tatu akapata tisa, na midomo ikaanza kumtetemeka. Mwenzangu alikuwa akimtazama vidole, si uso. Akainua mkono kuomba ruhusa, mwalimu wa darasa akamkubalia kwa kichwa. Akainama, hakusema neno. Alivikusanya vijiti vyote upande wa kushoto wa dawati, akachukua kimoja akakiweka upande wa kulia, kisha akamwachia mtoto. Basi. Msichana akakihamisha kijiti cha pili, akataja. Akahamisha cha tatu, akataja. Upande wa kushoto ulipokwisha, alikuwa amefika ikumi. Akainua macho. Akavirudisha vyote kushoto, akaanza upya, akafika ikumi, akaanza tena. Alihesabu mara nne bila kuambiwa na mtu, na kila mara alipofika kumi alitutazama kama mtu aliyefungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Alijua majina ya hesabu zote. Alichokosa ni kutenga kilichohesabiwa na kisichohesabiwa. Vijiti vilikuwa vimetawanyika, na kimoja kilihesabiwa mara mbili. Kumwambia "rudia" kulikuwa kumrudisha katika shimo lile lile. Ilimpasa mtu amtazame vidole.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufagia na kufua. Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo yangu nilipomwona mwenzangu amesimama kando ya ua, simu sikioni. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo.

"Shikamoo, baba... Ndiyo, mzima... Wale watatu, wapeleke sokoni... Ndiyo, wote." Akanyamaza, akisikiliza swali refu. Kisha akajibu, "Huku kuna mtoto aliyekuwa na vijiti kumi, akapata kumi na kimoja." Sidhani kwamba mzee yule, kule Tharaka, aliyaelewa maneno hayo. Lakini mbuzi waliuzwa, na karo ikalipwa.

Tulimaliza kozi pamoja mwaka 2011. Yeye alirudi kwao, naye hadi leo hufundisha watoto wadogo kabisa, ingawa umri wa utumishi wake ungemruhusu kuomba madarasa ya juu. Mambo mengi yamebadilika. Cheti cha P1 hakitolewi tena kwa wanachuo wapya. Tangu mwaka 2021 wanaoingia vyuo vya ualimu wa shule za msingi husomea stashahada, na muda wa masomo umeongezwa. Mtaala mpya ulianza kutumika katika madarasa ya mwanzo nchini kote mwaka 2019, na darasa la kwanza sasa huitwa gredi ya kwanza. Lakini vijiti bado ni vijiti, na watoto bado hupata kumi na kimoja.

Mara nyingi, nikifikiri juu ya juma lile, humkumbuka mzee Kimani Maruge, ambaye mwaka 2004 alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, akavaa soksi ndefu na kaptura ya shule na kuketi na watoto. Dunia nzima ilimstaajabia. Yeye alirudi darasa la kwanza ili apate alichonyimwa. Mwanachuo wa ualimu hurudishwa huko ili apate alichokisahau, yaani jinsi jambo lionekanavyo kwa mtu asiyelijua bado. Mtu akishajua kusoma, hawezi tena kuitazama herufi asiisome. Akishajua kuhesabu, husahau kwamba aliwahi kuvichanganya vijiti. Kusahau huko si dhambi, ni tabia ya elimu yenyewe. Ila anayetaka kuwashika wengine mkono, hana budi kurudi nyuma hadi mahali waliposimama.

Nanyi vijana, mtakwenda vyuo vingi. Mmoja ataingia Chuo Kikuu cha Embu au cha Chuka, mwingine Meru, mwingine chuo cha ufundi karibu na nyumbani kwao. Yamkini juma lenu la kwanza litawachosha kwa mambo yaonekanayo madogo: muuguzi atafundishwa kutandika kitanda, fundi atafundishwa kushika tupa, mkulima atafundishwa kupima shimo la mche. Wengine wenu mtakuwa mmehesabu mbuzi waliobaki zizini, mkijiuliza kama warudi nyumbani au wauzwe. Hesabu hiyo ni ya haki, na wazazi wenu wanastahili ifanywe kwa uaminifu. Lakini msiifunge Jumatatu, mkiwa mmeona ratiba tu. Ngojeni hata mwone yule ambaye kazi yenu imekusudiwa kwake: mgonjwa juu ya kitanda kile, mwenye mlango ule, mla matunda ya mche ule. Mtazameni vidole. Kisha pigeni simu nyumbani.